Saa ya Rubani Asiyetua

Ngazi ya nyumba ile ilikuwa mbea. Ilikuwa ya mbao, ya vidato kumi na vitatu, na hakuna aliyewahi kuipanda bila yenyewe kumtangaza. Mama Mikanda aliishi na kelele zake tangu aolewe, na kwa kelele hizo alijua habari zote za mumewe kabla hajamwona uso: kama amechoka, kama amegombana na mteja, kama goti la kulia limeamka vibaya. Goti likiuma, mguu mmoja uligonga na mwingine ukaburuta. Kwa hiyo mchana mmoja, alipogeuka kutoka jikoni akamkuta mumewe amesimama nyuma yake anatabasamu, na ngazi haijasema neno, sufuria ilimponyoka mkononi.

"Umepitia wapi wewe?"

"Nipitie wapi? Kwani humu ndani kuna ngazi ngapi?"

"Sijakusikia."

"Masikio hayo, mama. Uzee umeingia na haukubisha hodi."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha mke kilikuwa kifupi. Mwanamke aliyeolewa miaka ishirini na miwili ana haki ya kujiuliza kwa nini mumewe amejifunza kunyata. Wazo la kwanza lililomjia ndilo ambalo lingemjia mke yeyote, akaanza kumnusa mashati. Hakukuta manukato. Alikuta harufu ya mafuta yaliyoungua, na chini yake ubaridi, kama kitambaa kilichoanikwa mahali ambapo jua halifiki.

Mume huyo aliitwa Fundi Sekunde. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu saa ikipoteza sekunde mbili kwa siku yeye hakulala. Alitengeneza saa chini, katika chumba kinachotazama barabara, na mkewe alikaa meza ya pili akikata ngozi na kushona mikanda. Binti yao alikuwa ameshaolewa mbali. Walibaki wawili, wanataniana mchana kutwa, na mtu aliyekuwa akipita nje angedhani wanagombana.

Siku nane kabla ya mchana ule, aliingia dukani mteja waliyemwita Bwana Kola, maana kola za mashati yake zilikuwa ngumu kiasi cha kumkata mtu shingo. Alikuwa mkusanyaji wa saa za bei mbaya. Aliweka kasha mezani kwa mikono miwili, akalifungua, akaanza mhadhara.

"Fundi, unajua saa hizi zilianzaje?"

Fundi alijua. Lakini mteja anayependa kusema huachwa aseme.

"Marubani wa kwanza walibeba saa za mfukoni," alisema Bwana Kola. "Sasa wewe uko juu, mikono yote miwili imeshika usukani, upepo unataka kukung'oa kichwa. Utaingiza mkono mfukoni saa ngapi? Ndipo wakaifunga saa mkononi kwa kipande cha ngozi. Wakaipanua ikawa kama kisahani. Wakaipaka uso mweusi na tarakimu nyeupe zinazowaka gizani. Hiki kitufe cha pembeni wakakifanya kinene kama kitunguu, ili mtu akishike akiwa na glovu. Mkanda ukawa mrefu, uvuke juu ya koti."

"Na ndani wakaizungushia chuma laini," Fundi akadakia, "sumaku za injini zisiivuruge."

"Ehee! Tena baadaye wakaweka duara la hesabu pembeni, rubani ajue mafuta yake yatamfikisha wapi. Kisha ndege zikapata mitambo yake, saa ikakosa kazi. Na ilipokosa kazi ndipo ikawa ghali." Bwana Kola alicheka peke yake. "Dhahabu, kioo kisichokwaruzika, mfuniko wa kuchongwa kwa mkono. Leo anayeivaa hajawahi kwenda juu kuliko ghorofa ya ofisi yake."

Saa aliyoileta ilikuwa imepitia yote hayo. Ganda lilibadilishwa mara mbili, na sasa lilikuwa la dhahabu. Mishale ilikuwa mipya, kioo kipya. Mtambo wa ndani tu ndio uliobaki wa zamani.

"Moyo ni ule ule aliopaa nao rubani," alisema. "Yeye hakushuka. Saa ndiyo iliyoshuka."

"Ndege ilianguka?" aliuliza Mama Mikanda.

"Nimesema saa ilishuka, mama." Akamgeukia Fundi. "Inapoteza dakika tatu kwa siku. Isafishe, halafu uivae wewe mwenyewe. Wiki mbili kamili. Hii haipimiki mezani."

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kila fundi makini huivaa saa aliyoifungua, kwani mezani saa imelala tu, na mkononi inatikiswa, inalowa jasho, inagongwa na milango. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyofanya maisha yao yote. Mama Mikanda aliona mambo mengine mawili. Bwana Kola aliitoa saa kwa leso, kidole chake hakikuigusa hata mara moja. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Mkusanyaji wa saa asiyevaa saa! Machale yakamcheza, ila hakusema, akahofia kuitwa mwenye kisirani.

Fundi alipofungua mfuniko wa nyuma alimwita mkewe aangalie kwa kioo cha jichoni. Fundi akimaliza saa hukwaruza ndani ya mfuniko alama yake na tarehe, kwa ncha ya sindano, herufi ndogo kuliko mguu wa sisimizi.

"Wamo sita," alisema.

"Kuna ubaya gani?"

"Saa nzuri hufunguliwa baada ya miaka mitano, sita. Hii imefunguliwa mara sita ndani ya miaka mitatu. Na hakuna fundi aliyeifungua mara mbili."

"Labda yule bwana aliwachosha kwa maneno."

"Labda," alisema Fundi. Ukweli ni kwamba kifua kilikuwa kimemvimba. Mafundi sita wameshindwa, yeye atakuwa wa saba na wa mwisho. Alipoisafisha na kuiweka kwenye kimashine cha kusikiliza mapigo, karatasi ilitoka na mistari miwili badala ya mmoja. Wa juu ulikuwa wa saa. Wa chini ulikwenda polepole, ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Fundi alikipiga kimashine kofi, akasema kimezeeka. Mkewe alikuwa ameshamshonea mkanda wa ngozi ya mbuzi, mrefu, wa mtindo wa zamani. Akauvaa.

Sasa baada ya tukio la ngazi, Mama Mikanda alianza kumchunguza mumewe kama askari wa forodha. Aliona kwamba kiti chake cha kazini, kilichozoea kuguna kila akikaa, kilikaa kimya. Aliona godoro halibonyei upande wake. Alipiga deki sakafu makusudi na kumwita avuke. Fundi alivuka huku akipiga mluzi, na juu ya maji yale zikabaki alama za ncha za vidole tu, kama za ndege aliyetua na kubadili nia.

Kisha ukaja mngurumo. Ulikuja saa tisa alasiri, kila siku, kutoka juu ya paa, mzito na wa taratibu, na glasi zikawa zinagongana kabatini. Mara ya kwanza alikimbilia uani kuangalia. Mbingu ilikuwa tupu, bluu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Umesikia?" alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Ndege."

Uso wa Fundi ulikuwa umeelekea darini hata kabla ya swali.

Siku ya kumi na moja tangu mumewe aivae saa, Mama Mikanda alishuka dukani asubuhi akahisi kuna kitu kimepungua, asijue ni kitu gani, mpaka alipokaa mezani na kugundua kwamba ni kelele. Saa za ukutani zote tano zilikuwa zimesimama. Zilikuwa zile za zamani zinazoendeshwa na mawe ya shaba yanayoning'inia kwa minyororo. Minyororo ilikuwepo. Mawe hayakuwepo.

Aliyakuta kwenye koti la mumewe, koti akiwa amelivaa. Alipitisha mkono kiunoni mwake kama anayemkumbatia, akayahisi, mawili mfuko huu, matatu ule.

"Nani kakwambia ubebe haya?" alinong'ona.

Fundi alitaka kutania, akashindwa. "Bila haya, mama, nikipiga chafya nagonga dari."

"Yesu na Maria, au nani sijui, nimwite nani mimi! Na unacheka?"

"Sicheki." Alimshika bega, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama glovu tupu. "Goti haliumi. Miaka kumi na moja nimeamka na maumivu, na sasa hayapo. Hujui ilivyo. Napanda ngazi kama kijana."

"Vua saa."

"Nitaivua."

"Ivue sasa hivi, nikuone."

"Wiki mbili hazijaisha," alisema Fundi, akavuta mkono wa shati ukaifunika saa. Hapo Mama Mikanda aliogopa kweli. Uchawi angeweza kuuogopa kwa mbali, lakini macho yale aliyajua, yalikuwa macho ya mtu anayeficha kitu anachokipenda.

Mchana huo Fundi alipojilaza, Mama Mikanda alichukua kisu chake cha kukatia ngozi. Alikinoa hadi kikanyoa nywele za mkononi. Aliingia chumbani akavua ndara mlangoni, akasogea, akaona shuka limening'inia pande zote mbili kama kitambaa cha meza, kwa sababu mumewe alikuwa amelala shibiri moja juu ya godoro. Mawe alikuwa ameyavua pamoja na koti. Alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo. Aliweka kisu juu ya mkanda alioushona kwa mkono wake mwenyewe, ngozi aliyoichagua mwenyewe, akakandamiza, na makali yakapinda kama bati. Midomo ya Fundi ikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mbali, imechanganyika na upepo.

"Usikate," ilisema. "Bado hatujafika."

Alikwenda kwa Bwana Kola jioni ile ile bila hata kubadili gauni. Alipokelewa sebuleni, katikati ya makabati ya vioo yenye saa mia zinazotikatika.

"Ameanza kubeba mizigo?" aliuliza Bwana Kola kabla hata hajamkaribisha kiti.

Basi, hapo hakukuwa na cha kuuliza tena, lakini aliuliza. "Wale mafundi sita wako wapi?"

"Saa hurudi," alisema Bwana Kola, akinyoosha kola. "Huokotwa juu ya paa fulani, au kwenye mnara wa maji. Na ikirudi haipotezi hata sekunde moja kwa miezi sita. Kisha inaanza kuchelewa tena, inahitaji tena kubeba mtu. Mimi nikifanyeje kitu kama hicho, mama? Nikitupe? Saa za aina hii zimebaki mbili tu duniani."

"Nimekuuliza watu, unanijibu saa!"

Bwana Kola aliinua macho kidogo kuelekea dari, akayashusha haraka. Mama Mikanda alitamani kumtemea mate, ila kinywa kilikuwa kimekauka. Akaondoka.

Kesho yake alikwenda kwa shangazi wa Fundi, mshonaji wa nguo za maharusi. Wateja wa nguo waliingia kwa mlango wa mbele, na wenye shida za aina hii waliingia kwa mlango wa nyuma. Alisikiliza yote huku pini zimejaa mdomoni, kisha akazitema moja moja kiganjani.

"Huyo ni jini wa angani," alisema. "Rubani alimpita karibu, naye akamdandia, akakaa ndani ya saa. Wa namna hiyo hana pa kutua, ndiyo maana anatafuta mwili wa kushikilia. Naye hamnyanyui mtu kwa nguvu. Anamwondolea kinachomlemea, mtu anafurahi, anakwenda mwenyewe."

"Mtoe, shangazi. Nakupigia magoti."

"Simtoi mimi. Mtu asiyetaka kutolewa jini, hata tukusanyike waganga mia tutatoka jasho bure. Lazima afungue mkanda kwa mkono wake. Wiki mbili zinaisha lini?"

"Keshokutwa."

"Basi wewe kazi yako ni moja. Usimwachie. Na akiivua, usiiache juu ya kitu chochote. Izamishe mahali pazito, pasipofunguka, na usimwambie mtu. Hata yeye usimwambie."

Siku ya kumi na nne Mama Mikanda hakumwacha mumewe atoke machoni pake. Alifunga mlango wa duka, akafunga madirisha, akaketi karibu naye kuanzia asubuhi kama muuguzi na mgonjwa wake. Saa saba Fundi alisema ana njaa. Saa nane alisema ana usingizi. Saa tisa kasorobo alisema kwa upole, "Mama, maji," na mke akanyanyuka, akamimina, akageuka, na kiti kilikuwa kitupu, na ngazi, na mlango wa uani ulikuwa wazi.

Mawe matano ya shaba yalikuwa yamepangwa kwa mstari juu ya sinki la kufulia, kwa unadhifu ule ule aliopangia vibano vyake mezani. Fundi alikuwa amesimama katikati ya ua kwa vidole vya miguu, mikono imeachana kidogo na mbavu, uso juu, na mngurumo ulikuwa umeshaanza, si kwenye glasi tu bali ukutani, kwenye meno, kwenye maji ya ndoo yaliyokuwa yakitetemeka na kuchora duara ndani ya duara, na ile harufu ya mafuta yaliyoungua na ubaridi ikashuka uani katikati ya jua kali mpaka kamba ya nguo ikaingia ukungu.

"Baba!" aliita. "Baba, nitazame!"

Hakumtazama, na nyayo zake zikaacha sakafu, taratibu, bila kishindo, na Mama Mikanda akaruka akamshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili na kuvuta kama anayevuta ndoo kisimani, lakini alikuwa anavuta kitu kisicho na uzito wala mwisho, kitu kinachokwenda juu kwa sababu tu hakina sababu ya kubaki chini, na akamwita kwa jina la utani, na kwa jina la binti yao, na kwa jina lile ambalo hakulitumia mbele ya watu tangu walipokuwa wachumba, na sauti ile ya upepo ikawa inahesabu kinyumenyume juu ya vichwa vyao, na akahisi kamba ya nguo inampita begani, kisha ukingo wa ukuta, kisha akaona vigae vya jirani na paka juu yake aliyewakodolea macho, ndipo alipofahamu kwamba na yeye miguu yake haipo tena duniani na kwamba bado ana nafasi ya kuachia, na hakuachia.

Ndara zake zilianguka. Moja, halafu ya pili. Zilipiga sakafu paa, paa.

Fundi aliangalia chini. Aliziona ndara, akamwona mkewe ananing'inia kiunoni mwake, shungi limefunguka, macho yamefumbwa, ananong'ona, "Basi twende wote, twende wote, sikuachi." Uso wake ukakunjamana kama wa mtu anayeamshwa kwa maji. Mkono wa kulia ukauendea wa kushoto, ukasita hapo, ukasita muda mrefu kuliko mke yeyote angependa kukumbuka, kisha ukafungua mkanda.

Walianguka pamoja juu ya lundo la nguo zilizofuliwa. Mke alichubuka viwiko. Mume alivunjika mguu, akapiga yowe, na mkewe aliangua kilio kwa furaha ya kusikia yowe lile. Mngurumo ulikata. Saa ilishuka nyuma yao baada ya kitambo, polepole kuliko inavyopaswa kitu cha dhahabu kushuka, ikakaa sakafuni inatikatika.

Ng'ambo ya barabara walikuwa wakijenga ghorofa, na alasiri hiyo mafundi walikuwa wanamimina zege kwenye shimo la nguzo. Mama Mikanda alivuka na kitu kilichofungwa kwenye khanga, akasimama pembeni kama mtu anayeshangaa ujenzi, akarudi na khanga tupu. Bwana Kola alipokuja kuulizia aliambiwa saa haijarudi, akaangalie kwenye mapaa. Watu walimwona wiki nzima akizunguka mitaani, shingo imepinda juu, kola imemkaba, akigongana na nguzo.

Mguu uliunga. Fundi alirudi kazini na mkongojo, analalamika tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna wimbo uliomfurahisha mkewe kama malalamiko yale. Jambo moja tu ndilo lililombaki moyoni, na siku moja alilisema.

"Kule juu, ulikuwa unanisikia ninavyokuita?"

Fundi aliweka chini kibano chake. Alikuwa mwongo mbovu siku zote.

"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Tangu mwanzo."

Hawakulizungumza tena. Ghorofa likapanda, zege la chini likakauka na kupigwa lipu. Miezi mitatu ikapita. Kisha jioni moja walikuwa wamekaa uani wanakunywa chai, na Fundi, akiupapasa mguu, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Hivi ile saa, iliishia wapi?"

"Sijui," alisema Mama Mikanda. "Shangazi ndiye anayejua."

"Aa. Basi." Akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Mikono ya fundi saa ni misafi kuliko ya daktari, maana chembe moja ya vumbi husimamisha mtambo. Mama Mikanda aliitazama ile mikono iliyozunguka kikombe. Chini ya kucha, zote kumi, kulikuwa na unga wa kijivu wa saruji, wa rangi ile ile ya nguzo za ng'ambo ya barabara, na kidole gumba kilikuwa kimechubuka kama cha mtu aliyekosea nyundo.

Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chake chini, akasimama, akaenda akamkalia mumewe mapajani, mwanamke mzima na unene wake wote, akamzungushia mikono shingoni na kumwelemea.

"Mama, mguu," alisema Fundi. "Unaniumiza."

"Najua," alisema, na hakuinuka.